Jiwe la Gramu 801, na Rekodi Zinazomfaa Mgonjwa wa Gisenyi

Tarehe 1 Juni 2023, madaktari wa hospitali ya jeshi mjini Colombo, Sri Lanka, walitoa kwenye figo ya mwanajeshi mstaafu jiwe lenye uzito wa gramu 801 na urefu wa sentimita 13.372. Figo ya mtu mzima kwa kawaida ina urefu wa sentimita 10 hadi 12, na uzito wake haufikii hata robo ya uzito wa jiwe hilo. Guinness World Records wakafuta rekodi mbili kwa mpigo: ya urefu, iliyokuwa India tangu 2004, na ya uzito, gramu 620, iliyowekwa Pakistan mwaka 2008. India ilijipatia pia rekodi ya idadi. Mwaka 2009, katika mji wa Dhule, jimbo la Maharashtra, daktari Ashish Rawandale-Patil alimtoa mgonjwa mmoja mawe 172,155 kwa upasuaji wa saa nne hivi. Aliyekaa kuyahesabu naye alistahili cheti chake.

Picha za mawe ya namna hii huzunguka haraka kwenye simu, Gisenyi nchini Rwanda na Goma nchini Kongo vilevile, na kila mtu hushika kiuno. Ila hazimsaidii mtu. Mgonjwa anayefikishwa usiku kwenye kituo cha afya huko Rubavu, wilaya ya Gisenyi, amejikunja, anatapika, akilala hapati nafuu na akisimama hapati, kwa kawaida ana jiwe la milimita chache tu. Likitulia ndani ya figo anaweza kukaa nalo miaka bila kujua. Likishuka kwenye mrija mwembamba unaopeleka mkojo kibofuni, likakwama humo, mkojo unarudi nyuma, figo inajaa, na maumivu yanaanza.

Huyu anahitaji rekodi za aina nyingine, zisizopigwa picha: jaribio lililokusanya wagonjwa wengi zaidi, lililodumu zaidi, lililowaangusha madaktari vibaya zaidi. Watafiti wamezichapisha katika majarida ya tiba kwa miongo minne sasa. Nimezichagua hapa chache, na kigezo changu ni kimoja: kilichoshinda kinapatikana huku kwetu au hakipatikani?

Jaribio kubwa la sindano ya maumivu

Hili lilifanyika Doha, Qatar, mji ambao Wakenya na Waganda wengi wameufuata kwa kazi za ulinzi na ujenzi. Joto la Ghuba humkausha mtu. Mkojo unakuwa mzito, na chumvi zilizomo zinaanza kuganda. Katika Hospitali Kuu ya Hamad, Sameer Pathan na wenzake waliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 1,645 waliofika na maumivu ya jiwe. Kundi la kwanza lilipewa sindano ya diklofenaki miligramu 75 kwenye msuli, la pili mofini kwenye mshipa, la tatu parasetamoli gramu 1 kwenye mshipa. Baada ya nusu saa wakahesabu ni wangapi maumivu yao yamepungua kwa nusu au zaidi. Diklofenaki ilipata asilimia 68, parasetamoli 66, mofini 61. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2016.

Mofini, dawa ambayo wengi wetu tunaiona kuwa mkubwa wa dawa zote za maumivu, ilishika mkia, na madhara yake yalikuwa mengi zaidi. Mshindi ni sindano ya bei nafuu ambayo muuguzi wa kituo cha afya anaifahamu vizuri. Tahadhari haikosekani: diklofenaki haimfai mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo zilizokwisha kudhoofika, wala mjamzito wa miezi ya mwisho. Mtu wa namna hiyo aseme mapema, kabla sindano haijavutwa.

Joto

Karibu na kiwanda cha bia cha Bralirwa, kandokando ya Ziwa Kivu, kuna chemchemi za maji moto za Nyamyumba. Wenyeji huziita amashyuza. Watu huenda kuloweka miguu, magoti na migongo, na ukikaa nao kidogo utasikia orodha ndefu ya magonjwa yanayodaiwa kuponea pale.

Wasomi hupenda kucheka mambo haya, lakini mwaka 2003 timu ya Andrea Kober mjini Vienna ilichapisha jaribio la wagonjwa 100 waliobebwa na gari la wagonjwa wakiwa na maumivu ya jiwe la figo. Nusu yao walifungwa tumboni na kiunoni blanketi la umeme lenye joto la nyuzi 42. Wengine walifungwa blanketi hilohilo likiwa halijawashwa. Kwenye kipimo cha maumivu cha 0 hadi 100, waliopata joto walishuka kutoka karibu 83 hadi 36 kabla ya kufika hospitali. Wale wengine hawakubadilika.

Kwa hiyo bibi anayekanda kiuno cha mjukuu wake kwa kitambaa cha maji moto ana ushahidi mkononi. Tusilizidishie tu jaribio lile. Joto lilituliza maumivu. Hakuna aliyesema kwamba lilivunja jiwe. Na mgonjwa anayekaa kwenye maji moto saa nzima akitokwa na jasho, bila kunywa kitu, anapoteza maji yaleyale ambayo figo yake inayahitaji.

Kidonge kilichogombaniwa kuliko vyote

Tamsulosini ilitengenezwa kwa ajili ya wazee wenye tezi dume iliyovimba. Kwa kuwa inalegeza misuli ya njia ya mkojo, madaktari wakafikiri italegeza pia mrija ili jiwe lipite lenyewe. Majaribio madogomadogo yakaonyesha matumaini. Mwaka 2006 mapitio yaliyounganisha majaribio tisa yenye wagonjwa 693 yalisema dawa za namna hii zinaongeza uwezekano wa jiwe kutoka kwa asilimia 65. Dunia nzima ikaanza kuziandika.

Kisha likaja jaribio la Uingereza lililoitwa SUSPEND, chini ya Robert Pickard wa Newcastle. Hospitali 24, wagonjwa 1,167, makundi matatu: tamsulosini, nifedipini, na kidonge kisicho na dawa. Baada ya wiki nne walihesabu wasiohitaji matibabu zaidi. Tamsulosini asilimia 81, nifedipini 80, kidonge tupu 80. Hii ilikuwa mwaka 2015. Miaka mitatu baadaye Marekani ikajaribu kwa wagonjwa 512: mawe yalitoka kwa asilimia 50 ya waliopewa tamsulosini na 47 ya waliopewa kidonge tupu, tofauti ndogo mno kuitegemea.

Ungedhani kesi imefungwa. Lakini jaribio kubwa kuliko yote ya kidonge hiki, la Zhangqun Ye na wenzake nchini China, lenye wagonjwa 3,296 katika vituo 30, lilileta jibu jingine: asilimia 86 dhidi ya 79, na faida ilionekana kwa mawe yanayozidi milimita 5 yaliyokwama sehemu ya chini ya mrija. Hapo ndipo utata unapofunguka. Wagonjwa wengi wa Uingereza walikuwa na mawe madogo, na jiwe dogo hutoka lenyewe, umeze kidonge usimeze. Mwaka 2018 mapitio ya shirika la Cochrane yalikusanya tafiti 67 zenye watu 10,509, na mizani ikaangukia palepale: dawa ina faida kwa mawe makubwa kidogo, kwa madogo huenda isifanye lolote.

Kwa mteja wa duka la dawa mjini Gisenyi, mjadala huu wote wa miaka kumi na ushei unabaki swali moja la kumuuliza daktari kabla ya kutoa pesa: jiwe langu lina milimita ngapi, na limekwama wapi?

Namba zilizofundishwa darasani kuliko zote

Tarehe 7 Februari 1980, mjini Munich, Christian Chaussy na wenzake walimlaza mgonjwa ndani ya beseni la maji na kulivunja jiwe lake kwa mawimbi ya mshtuko kutoka nje ya mwili, bila kisu. Mashine ilitoka kwa Dornier, kampuni ya ndege. Ilikuwa mara ya kwanza duniani. Miaka michache kabla yake, huko Stockholm, Fernström na Johansson walikuwa wameonyesha kwamba jiwe linaweza kutolewa kupitia tundu dogo la mgongoni. Kwa hiyo kufikia miaka ya themanini swali lilikuwa njia ipi ni bora, na jibu moja la swali hilo limewapa walimu wa takwimu kazi hadi leo.

Mwaka 1986 Charig na wenzake wa London walichapisha katika British Medical Journal matokeo ya upasuaji wa wazi kwa wagonjwa 350, na ya njia ya tundu kwa wagonjwa wengine 350. Upasuaji wa wazi ulifaulu kwa 273, yaani asilimia 78. Tundu lilifaulu kwa 289, asilimia 83. Mshindi ni tundu, sivyo?

Sasa gawanya wagonjwa kwa ukubwa wa jiwe. Kwa mawe madogo, upasuaji wa wazi ulifaulu kwa 81 kati ya 87, asilimia 93. Tundu kwa 234 kati ya 270, asilimia 87. Kwa mawe makubwa, upasuaji wa wazi ulifaulu kwa 192 kati ya 263, asilimia 73. Tundu kwa 55 kati ya 80, asilimia 69. Njia iliyoshindwa kwa jumla imeshinda katika makundi yote mawili!

Si mazingaombwe. Madaktari hawakuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Walitumia tundu zaidi kwa mawe mepesi, wakaupelekea upasuaji wa wazi mawe magumu. Ni kama mwalimu anayejisifu kwamba darasa lake limefaulu kuliko la jirani, kumbe alichagua wanafunzi mwanzoni mwa mwaka. Upasuaji wa wazi wenyewe umeshapitwa na wakati kwa wagonjwa wengi. Ila somo la namba hizi lina kazi kila siku: mtu akikuambia dawa yake ya mitishamba imewaponya watu tisa kati ya kumi, muulize mawe ya hao tisa yalikuwa na ukubwa gani.

Yaliyodumu zaidi: maji na maziwa

Jiwe likishatoka, hatari ni kurudi. Hapa bingwa wangu ni Loris Borghi wa Parma, Italia, kwa sababu aliwafuata watu wake miaka mitano, na si mara moja tu. Kwanza aliwachukua wagonjwa 199 waliopata jiwe kwa mara ya kwanza. Kundi moja liliambiwa linywe maji hadi mkojo wa siku ufikie lita 2 au zaidi. Kundi jingine liliachwa liendelee na mazoea yake. Baada ya miaka mitano mawe yalirudi kwa asilimia 12 ya wanywaji maji, na asilimia 27 ya wengine. Yalichapishwa mwaka 1996, na katika orodha hii yote sijaona dawa iliyopata tofauti kubwa hivyo kwa bei ndogo hivyo.

Gisenyi iko kwenye mwinuko wa mita karibu 1,500. Kuna baridi ya jioni na upepo wa ziwa, na mtu anaweza kumaliza siku kwa vikombe viwili vya chai bila kuhisi kiu. Kiu si kipimo kizuri hapa. Rangi ya mkojo ni kipimo bora: ukiwa wa njano iliyokolea, bado hujanywa.

Jaribio lake la pili, lililotoka mwaka 2002 katika New England Journal of Medicine, lilivunja ushauri wa miaka mingi. Kwa kuwa mawe mengi yana kalsiamu, madaktari walizoea kuwakataza wagonjwa maziwa. Borghi aliwachukua wanaume 120 ambao mkojo wao una kalsiamu nyingi na mawe yao yanarudi. Sitini walipunguza kalsiamu. Sitini waliendelea na kiwango cha kawaida, ila wakapunguza chumvi na nyama. Baada ya miaka mitano, mawe yalirudi kwa watu 23 wa kundi la kwanza na 12 tu wa kundi la pili. Sababu iko tumboni: kalsiamu ya chakula hukutana kwenye utumbo na oksaleti, kemikali iliyomo katika baadhi ya mboga, zinashikana, zinatoka na choo. Ukiiondoa kalsiamu, oksaleti inabaki huru, inaingia kwenye damu, inaishia kwenye figo.

Wilaya ya Rubavu inapakana na malisho ya Gishwati, na nchi nzima ina maduka ya maziwa ambapo mtu huketi akanywa bilauri yake kwa utulivu. Kumkataza mgonjwa wa hapa maziwa ni kumnyima kitu chema bila faida. Mchicha, ambao Rwanda huitwa dodo, una oksaleti nyingi. Mtu mwenye mawe asiuache kabisa, aule kwa kiasi na maziwa yasikosekane. Kikopo cha chumvi ndicho cha kusogeza mbali.

Soda nayo ilipata jaribio lake. Mwaka 1992 Shuster na wenzake walichapisha habari za wanaume 1,009 wa Marekani wenye historia ya mawe na mazoea ya soda. Walioambiwa waache walipata nafuu kidogo ndani ya miaka mitatu, na nafuu hiyo ilionekana kwa waliokuwa wakinywa soda zenye asidi ya fosfori, yaani zile nyeusi.

Na bia? Bralirwa imekuwa Gisenyi tangu 1957, kwa hiyo swali hili halikwepeki. Gary Curhan wa Harvard, aliyefuatilia wanaume zaidi ya 45,000, aliripoti mwaka 1996 kwamba kila kipimo cha bia kwa siku kiliambatana na hatari pungufu kwa asilimia 21. Wanywaji wasishangilie bado. Huo ulikuwa ufuatiliaji, haukuwa jaribio. Hakuna aliyepangiwa kunywa wala kuacha. Tena bia huongeza asidi ya yuriki, ambayo nayo hutengeneza mawe. Maji ya Parma yalipitia jaribio, chupa ya bia ya Primus haikupitia.

La ajabu kuliko yote

Daktari Mmarekani David Wartinger alisikia wagonjwa waliorudi kutoka likizo Florida wakisema mawe yao yametoka baada ya kupanda gari la mchezo linalokimbia kwenye reli za kupanda na kushuka, katika bustani ya Disney. Yeye na Marc Mitchell wakatengeneza mfano wa figo kwa silikoni, wakaujaza mkojo na mawe halisi matatu, wakauweka kwenye mkoba na kupanda nao mara 20. Kwenye viti vya mbele mawe yalipita mara 4 kati ya 24. Viti vya nyuma, vinavyorushwa zaidi, mara 23 kati ya 36. Waliandika hayo mwaka 2016, na mwaka 2018 wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza kabla ya kufikirisha. Mwenye kupanda pikipiki kila siku kwenye barabara za lava za Goma angeweza kudai matibabu ya bure, lakini figo ya silikoni haina maumivu, na hakuna mtu aliyepimwa.

Anguko kubwa

Hidroklorothiazidi, kidonge cha presha, iliandikiwa wenye mawe kwa miongo kadhaa ili yasirudi. Ushahidi wake ulikuwa majaribio madogo ya zamani. Waswisi wakaamua kuupima upya: jaribio la NOSTONE, wagonjwa 416, hospitali 12, dozi tatu tofauti na kidonge tupu, ufuatiliaji wa karibu miaka mitatu. Matokeo ya 2023: mawe yalirudi kwa asilimia 59 ya waliopewa kidonge tupu, na 59, 56 na 49 kwa dozi ya miligramu 12.5, 25 na 50. Kitakwimu hakuna dozi iliyoshinda, na baadhi ya waliomeza dawa walipungukiwa potasiamu au wakapata kisukari. Wapo wataalamu wanaobisha bado. Mimi nasema maji yanaongoza.

Kwa upande wa vipimo, Rebecca Smith-Bindman na wenzake waliwachukua wagonjwa 2,759 katika hospitali 15 za Marekani, wengine wakaanza na ultrasaundi, wengine na CT skani. Mwaka 2014 waliripoti kwamba walioanza na ultrasaundi hawakupata madhara makubwa zaidi, na walikwepa mionzi mingi, ingawa baadhi yao waliishia kuhitaji CT. Ultrasaundi hospitali za wilaya zinayo. CT kwa wengi wa Rubavu ni barua ya rufaa na safari.

Majaribio haya yamefanyika Doha, Vienna, Parma, Uingereza, Uswisi, China na Marekani. Hakuna hata moja la Afrika Mashariki. Kwa muda mrefu vitabu vya tiba vilisema mawe ya figo ni nadra kwa Waafrika weusi, na Allen Rodgers wa Chuo Kikuu cha Cape Town amefanya kazi miaka mingi kutafuta sababu kwa Waafrika Kusini. Vyakula vyetu vinabadilika, chumvi na soda zinaongezeka, na hospitali za Rwanda na Kivu zinapokea wagonjwa hawa. Chuo Kikuu cha Rwanda na majirani zake wa Goma wana kila sababu ya kuanzisha jaribio la maji la kwetu, lenye mkojo wa kwetu na mwinuko wa kwetu. Dawa ya kupima haihitaji kuagizwa nje.

Na wewe msomaji, ukisikia maumivu ya ubavu yakiambatana na homa au kutetemeka, usingoje asubuhi, usiende amashyuza, usinunue kidonge. Nenda hospitali usiku huohuo. Jiwe lililoziba mrija wakati kuna maambukizi huua, hata likiwa la milimita 5.